Vumbi la Kibodi Linavyoweza Kugusa Pesa Zako

Leo hatuongelei ada za kutuma pesa. Tunaongelea vumbi.

Wenye maduka ya vinyago kule Tabaka wanalijua. Jiwe la sabuni likichongwa na kupigwa msasa hutoa unga laini ajabu. Ukiwa mkavu, unga huo hutoka kirahisi. Shida inaanza ukikutana na jasho la vidole, mafuta ya mandazi na tone la chai yenye sukari: unakuwa gundi chini ya kitufe. Huko Nyamira, kwenye barabara za murram zinazopita mashamba ya chai, vumbi jekundu hufanya kazi hiyo hiyo.

Sasa wewe unayelipa wachongaji au wachuma chai kwa laptopu, fikiria kitufe cha sifuri kimekwama. Umebonyeza mara moja, kimeandika mara mbili. Ulitaka kutuma 1,500, skrini inasema 15,000.

Kusafisha si kazi kubwa. Zima laptopu kabisa, si kuifunika tu, kisha uchomoe chaja. Igeuze chini juu, uitikise pole pole. Ikiwa bado imeinama, pitisha brashi ndogo ya rangi, mpya na kavu, katikati ya vitufe ili vumbi lianguke nje. Usipulize kwa mdomo, pumzi ina unyevu. Na tafadhali, usiipeleke kwa wale wa kujaza magurudumu upepo! Kompresa zao mara nyingi hutoa matone ya maji pamoja na hewa, na nguvu yake inaweza kung'oa vitufe.

Uchafu unaonata unataka spiriti kidogo kutoka duka la dawa. Iweke kwenye kitambaa au pamba ya masikio, isichuruzike, na usiimwage kwenye kibodi. Kaa mbali na jiko, maana spiriti hushika moto haraka. Isiguse skrini. Wacha ikauke kabisa ndipo uwashe. Usijaribu kubandua vitufe kwa kisu. Vishikizo vyake ni vyembamba sana. Kikiendelea kukwama, mpelekee fundi, lakini kwanza toka kwenye akaunti zako zote, na PIN usimwachie.

Wenye kabambe pia msikilize, kwa sababu kwenu uchafu una siri nyingine. Vitufe vinne unavyobonyeza kila siku kuweka PIN hung'aa, vingine vikibaki na vumbi. Mwizi asiyejua lolote ana namba 10,000 za kukisia. Akiona vitufe vinne vinavyong'aa, zimebaki 24 tu. Akiwa na nafasi tatu kabla ya kufungiwa, bahati yake ni moja kati ya nane. Na kama vinavyong'aa ni 1, 9, 8 na 4? Atakisia mwaka wa kuzaliwa: ni 1984 au 1948, basi.

Kwa hivyo futa vitufe vyote sawasawa, si vile unavyotumia tu. Kama namba zenyewe zimeshafutika kwa kubonyezwa, kitambaa hakitasaidia. Badilisha PIN, na uachane na miaka ya kuzaliwa. Simu za skrini nazo huacha alama za mafuta ya vidole, zifute kila jioni.

Kabla ya kuthibitisha malipo, soma jina na kiasi, hesabu zile sifuri. Kama si sawa, ghairi. Kama pesa zimeshatoka, usingoje kesho: tupigie papo hapo kabla hazijatolewa, na usifute ujumbe wa muamala.