Namna ya Kutafuta Suali la Uchunguzi

Mhariri wa gazeti letu ameniomba niwaeleze wenzangu wa Kidato cha Tatu namna ya kuanza kazi ya uchunguzi katika somo la Jografia, kwani mwakani na wao watatakiwa kuifanya. Sikujua kwa nini amenichagua mimi, maana karatasi yangu ilirudishwa mara tatu kabla ya kukubaliwa. Yamkini hiyo ndiyo sababu.

Bibi yangu, mama yake mama, anakaa mtaa wa Kiponda, katika nyumba ya mawe ya ghorofa mbili. Masika ya mwaka huu, usiku wa mvua kubwa, kipande cha dari ya chumba chake kilianguka juu ya kitanda. Mwenyezi Mungu alimstiri, kwani wakati ule alikuwa ameamka kusali. Ijumaa iliyofuata wajomba zangu walikutana. Mjomba mkubwa alisema ichangwe fedha, nyumba ipigwe lipu ya saruji ndani na nje, juu mpaka chini. Mjomba mdogo alisema saruji ndiyo iliyoiharibu nyumba tangu hapo. Bibi alisema maneno machache tu, kwamba yeye hahami. Mimi nilikaa karibu na mlango nasikiliza, na niliporudi dakhalia Jumapili nilikuwa nimekwisha kata shauri kuwa uchunguzi wangu utakuwa juu ya jambo hili.

Karatasi yangu ya kwanza ilikuwa na kichwa hiki: "Mji Mkongwe wa Unguja". Nilijaza kurasa mbili. Niliandika kuwa mji huu una hekta 96, kuwa mwaka 1985 iliundwa mamlaka ya kuuhifadhi na kuuendeleza, na kuwa mwaka 2000 UNESCO iliutia katika orodha ya urithi wa dunia. Yote hayo ni kweli. Maalim aliirudisha na maneno mekundu chini yake: "Hiki ni kichwa cha kitabu. Wewe unataka kujua nini?"

Nilikasirika kidogo, lakini baadaye nikaona maana yake. Kichwa kama kile hukwambia utazungumza juu ya nini, ila hakikwambii kesho asubuhi uende wapi, umuulize nani, wala uandike nini katika daftari. Nilikuwa na kurasa mbili na sikuwa na la kufanya.

Karatasi ya pili ilikuwa na alama ya kuuliza, nami nikadhani nimekwisha fika: "Kwa nini majumba ya Mji Mkongwe yanaanguka?" Nilianza na Beit el Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 zama za Sayyid Barghash, ambalo sehemu yake ilianguka tarehe 25 Disemba 2020 na watu wawili wakapoteza maisha. Safari hii Maalim aliniita, akaniweka kitini, akaniuliza yeye. Nikisema "yanaanguka", ni kuta, ni dari, au ni lipu tu inayobambuka? Nyumba iliyofungwa miaka mingi bila ya mtu, na nyumba yenye wapangaji kila chumba, huanguka kwa sababu moja? Na Beit el Ajaib yenye nguzo za chuma imeingiaje katika jambo moja na nyumba ya bibi yako yenye boriti za mikoko? Sikuweza kujibu hata moja. Suali langu lilikuwa ni masuali kumi yaliyovaa kanzu moja.

Ya tatu ndiyo inayonitia haya mpaka leo. Nilimwendea fundi mwashi mmoja mzee, akanifahamisha vizuri sana. Kuta zetu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, na katikati yake mna chokaa iliyochanganywa na udongo. Jiwe la matumbawe lina matundu mengi, hunywa maji kutoka ardhini na kutoka mvua. Lipu ya chokaa huyaachia maji yale yakatoka taratibu wakati wa jua. Lipu ya saruji haiyaachii, kwa hivyo hubaki nyuma yake pamoja na chumvi, ukuta ukaoza kwa ndani huku kwa nje unang'ara. Nilirudi mbio nikaandika: "Namna Saruji Inavyobomoa Majumba ya Kiponda". Maalim alicheka. Akasema, "Ukishajua, unachunguza nini?"

Ndugu zangu, jihadharini na kosa hili, kwa sababu halionekani kuwa ni kosa. Mimi sikuwa nimeuliza. Nilikuwa nimeshika upande wa mjomba mdogo. Lau ningeliruhusiwa kwenda Kiponda na kichwa kile, ningeliona kila ukuta wa saruji uliopasuka, na kila ukuta wa saruji uliosimama imara ningelipita bila ya kuutazama. Maneno ya fundi ni ya mtu mwenye ujuzi, na wahifadhi wa majengo ya kale katika nchi nyingi husema hayohayo. Lakini kama yanasema kweli juu ya uchochoro wa bibi yangu, hilo ndilo la kwenda kutazama.

Karatasi ya nne ikakubaliwa. Niliandika hivi: katika uchochoro mmoja wa Kiponda, baina ya mwisho wa masika na likizo ijayo, je, kuta za mbele zilizopigwa lipu ya saruji zina unyevu na nyufa zaidi kuliko zilizobaki na lipu ya chokaa?

Tazameni jinsi suali hili lilivyofungwa. Mahali ni uchochoro mmoja, wenye nyumba 11, kwa kuwa mimi ni mwanafunzi wa dakhalia na natoka siku chache tu. Wakati nimeuwekea mwanzo na mwisho. Vitu ni viwili, unyevu na nyufa, na kuta ni za mbele tu, ambazo naweza kuzifikia bila ya kuingia chumbani kwa mtu. Nani mwenye nyumba, nani mpangaji, zipi zimegeuzwa hoteli, hayo ni mambo makubwa na mtu mwingine ayachunguze. Mimi nimeyaacha nje, na nimeandika wazi kuwa nimeyaacha.

Msidhani kuwa kufunga mpaka ni kazi ya watoto wa skuli wasio na nauli. James Christie, daktari aliyefanya kazi hapa Unguja, alitoa kitabu London mwaka 1876 juu ya kipindupindu. Ugonjwa ule uliwahi kuua watu wengi mjini kwetu mwaka 1869 na 1870, naye angeliweza kuandika habari za maradhi yote ya Afrika. Lakini kichwa cha kitabu chake chenyewe chaonesha mipaka: maradhi ni kipindupindu, nchi ni Afrika ya Mashariki, miaka ni tangu 1821 mpaka 1872. Ndani ya mpaka huo alifuata njia za biashara, akatafuta maradhi yalipita wapi kabla ya kufika pwani.

Mfano wa pili ni wa mbung'o, na huu naupenda zaidi. Mbung'o wa Unguja walikuwa wakiwaambukiza ng'ombe nagana. Kuna aina nyingi za mbung'o katika bara la Afrika, na lau wataalamu wangeliuliza namna ya kuwamaliza wote, wangelikuwa wanauliza mpaka leo. Hapa Unguja palikuwa na aina moja tu, na kisiwa kimezungukwa na bahari, kwa hivyo mbung'o wa bara hawezi kuja kirahisi kujaza pengo. Basi wakauliza: je, mbung'o wa aina hii moja, katika kisiwa hiki kimoja, wanaweza kumalizwa kabisa kwa kuachia madume yaliyofanywa tasa? Kwanza idadi ya mbung'o ilipunguzwa kwa dawa. Kisha, tangu mwaka 1994 mpaka 1997, madume waliofugwa Tanga wakafanywa tasa kwa mionzi na kuangushwa kwa ndege, zaidi ya milioni 8. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa mwaka 1996. Bahari ndiyo iliyowachorea mpaka. Mimi nimechorewa na kuta za uchochoro.

Sasa nirudi kwa bibi. Nilipomsomea karatasi ile iliyokubaliwa, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Mjukuu wangu, na dari yangu iko wapi katika maneno hayo?" Nikamwambia imebaki nje ya mpaka. Akanyamaza. Nami nikaona vibaya sana, kwa sababu dari ile ndiyo iliyonitia katika kazi hii, na suali langu zuri lilikuwa limemwacha yeye mwenyewe kitandani.

Nikapanda juu kuitazama tena. Dari zetu hulazwa juu ya boriti, na ncha za boriti huingia ndani ya ukuta; ndiyo maana vyumba vyetu ni vyembamba, kwani boriti ya mkoko haifiki mbali. Boriti iliyokatika haikukatika katikati. Ilikuwa imeoza kwenye ncha, palepale inapoingia ukutani. Nikatoka nje nikatazama juu: mlizamu wa paa ulikuwa umevunjika, na maji yote ya masika yalikuwa yanateremka juu ya ukuta ule mahali palepale.

Hapo nilifahamu mambo mawili kwa mpigo. La kwanza, dari ya bibi haikuwa nje ya mpaka wangu kama nilivyodhani, kwa sababu ilianguka kwa maji yaliyo ukutani. La pili lilinikosesha usingizi. Ukuta ule ni wa mbele, nao una saruji. Ningeliuandika katika daftari kuwa umerowa kwa ajili ya saruji, kumbe mlizamu peke yake ungeliweza kuurowesha. Sababu mbili zilikuwa zimekaa katika ukuta mmoja na mimi nilikuwa nimeiona moja. Kwa hivyo niliongeza safu katika daftari: kwa kila ukuta nitaandika lipu yake na pia hali ya mlizamu ulio juu yake. Suali halikubadilika, lakini bila ya safu ile jibu lisingelikuwa na thamani. Maalim aliruhusu, akasema nisiongeze jingine, kwani alinijua.

Kupima si kazi ngumu. Unyevu naupima kwa futikamba, tangu chini mpaka pale alama ya maji na chumvi inapokoma. Mwisho wa kila ufa natia mstari wa penseli na tarehe, na katikati nabandika kikaratasi chembamba kwa gundi; ufa ukifunguka, kikaratasi huchanika. Baadhi ya wenye nyumba walidhani nimetumwa kuja kuwahamisha, na mmoja alikibandua kikaratasi changu mbele ya macho yangu. Nyumba ile nimeiandika "haikupimwa", nikabaki na 10. Nawashauri mbishe hodi na mjieleze kabla ya kutoa futikamba mfukoni, jambo ambalo mimi sikulifanya siku ya kwanza.

Nimepima mara mbili na imebaki moja. Mjomba mkubwa amekubali fundi angoje mpaka likizo, ila mlizamu umekwisha tengenezwa, maana huo hauna mabishano. Kitanda cha bibi kimeteremshwa chumba cha chini. Ukuta wake wa nyuma, wa uani, bado una chokaa ya zamani, na ijapokuwa haumo katika kuta zangu za mbele, alinilazimisha niubandike kikaratasi kimoja ili nao usionewe. Kila Ijumaa huenda akavitazama vyote, cha mbele na cha nyuma. Juma lililopita alinipelekea salamu kuwa kimoja kimechanika, nacho ni kile cha kwenye chokaa.