SOMO: GOME LA MUTHIGA NA KIKOHOZI

Kando ya msitu wa Mau wengi hutafuna gome la muthiga, ambao Wamaasai huuita osokonoi, kwa kikohozi na maumivu ya meno. Je, lina nguvu kweli? Ndiyo. Katika maabara dawa iliyokamuliwa kwenye gome hilo imeua vijidudu, hata vile viletavyo usaha kwenye vidonda. Lakini kule kijidudu humwagiwa dawa moja kwa moja. Wewe ukinywa, yapita kwanza tumboni, na kikombe hakina kipimo. Kwa hivyo kikohozi kikipita wiki mbili, nenda dispensari makohozi yapimwe. Kifua kikuu hutibiwa kwa vidonge, kwa kawaida miezi sita, bure. Na jamani, msichune gome mzunguko mzima, mti utakauka! Majani nayo yana ukali wake.