Chakula cha Mja Mzito: Haki Yake na Kipimo Chake

Somo letu la leo ni juu ya jambo ambalo wanaume wengi hulidharau kwa kuliona ni la wanawake peke yao, nalo ni chakula cha mja mzito. Hakika jambo hili lawahusu wao kwanza, kwa kuwa kumlisha mke ni wajibu wa mume, wala si hisani.

Hapa Kambi Muru, na kwa ndugu zetu wa Kawangware pia, husikika kauli mbili zipinganazo. Wako wasemao kuwa mja mzito hana budi kula chakula cha watu wawili. Na wako wamwambiao ajinyime, asije akazaa mtoto mkubwa akapata taabu. Kauli zote mbili zina madhara. Mwenyezi Mungu ameturuhusu kula na kunywa, akatukataza israfu. Na Bibi Maryam alipokuwa katika uchungu wa kuzaa aliamrishwa ale tende mbivu na anywe. Hakuamrishwa avumilie njaa.

Ama kipimo, wataalamu wa Marekani walikiweka wazi mwaka 2009. Mke aliyekuwa na uzito wa kadiri kabla ya mimba yampasa aongezeke kilo 11.5 hadi 16. Aliyekuwa mwembamba, kilo 12.5 hadi 18. Mnene, kilo 7 hadi 11.5, na aliyenenepa kupita kiasi, kilo 5 hadi 9. Wala uzito huo si mafuta matupu: mtoto mwenyewe huwa kilo 3 hivi, na zilizobaki ni kondo la nyuma, maji ya uzazi, damu iliyozidi, na akiba ya kunyonyeshea.

Nguvu ya chakula hupimwa kwa kalori. Katika miezi mitatu ya kwanza hapana haja ya nyongeza. Katika mitatu ya kati huhitajiwa kama kalori 340 zaidi kila siku, na katika mitatu ya mwisho kama 450. Basi ni kiasi gani hicho? Kikombe kimoja cha maharagwe yaliyopikwa na ndizi mbivu moja hukaribia 340. Ongeza bilauri ndogo ya maziwa, utakaribia 450. Tazama basi umbali uliopo baina ya hayo na chakula cha watu wawili!

Wazee wa Kinubi walipokalia Kibera walikuwa na mashamba na mifugo. Leo kila kitu hununuliwa. Lakini ndengu, omena, mayai na sukuma wiki si vyakula vya matajiri. Soda na mandazi hutia uzito bila ya kujenga mwili. Chai ikinywewa pamoja na chakula hupunguza madini ya chuma yaingiayo mwilini, basi na inywewe baadaye. Na yale mawe ya udongo yauzwayo sokoni yaachwe. Atamaniye kuyala na amwambie mkunga, kwani huenda damu yake imepungua.

Swali: Je, mja mzito afunge Ramadhani?

Jawabu: Akiwa na nguvu na hachelei madhara, na afunge. Akichelea nafsi yake, au nafsi yake pamoja na mtoto, atafungua na atalipa. Akichelea mtoto peke yake, kwa madhehebu ya Imam Shafi atalipa na atatoa kibaba cha chakula kwa kila siku. Ruhusa hii ni rehema, wala asione haya kuitumia. Na daktari akimwambia kuwa kufunga kutamdhuru, asifunge.

Enyi waume! Katika nyumba nyingi mama hupika, wengine wakashiba, naye akala ukoko. Desturi hii haina asili katika dini. Mtoto azaliwaye chini ya kilo 2.5 huanza maisha akiwa dhaifu. Mwekee mkeo sahani yake kwanza, na umpeleke kliniki mapema akapimwe uzito na damu. Na akivimba ghafula uso na mikono, au akaumwa sana na kichwa, au akaona kiwi, msingoje asubuhi. Mpelekeni hospitali saa ile ile, kwani hizo huwa dalili za kifafa cha mimba.

Wabillahi taufiki.