Goti likiuma: huo unga una nini ndani?

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumba, leo tuongee juu ya maumivu ya viungo. Kazi yetu inachosha magoti na kiuno. Anayeshika mashine ya kutoboa mawe, anayepanda ngazi za mtambo kutwa, anayeendesha kamyo kubwa linalomtikisa tangu asubuhi, wote wanajua kuamka na mgongo mgumu kama ubao. Mtu akiumwa anatafuta nafuu. Hatumlaumu. Tunamuuliza tu: unaipata wapi?

Mzee mmoja wa kazi ya usiku alikuja kwetu kwenye dispansari. Goti lake, alisema, halimsumbui tena tangu miezi mitatu. Alikuwa akinunua sokoni unga wa mizizi, katika karatasi ndogo zilizokunjwa. Bibi yake alikuwa na furaha: «Baba ananenepa!» Sisi tuliona uso mviringo kama sahani, tumbo limetoka, lakini mikono na mapaja yamekonda. Naye hakuja sababu ya goti. Alikuja sababu ya kikohozi cha wiki tatu na jasho la usiku. Tulipima makohozi. Ilikuwa kifua kikuu.

Utasema: mizizi inaleta kifua kikuu namna gani? Sikiliza vizuri. Unga unaoondoa maumivu kwa siku moja na kuvimbisha uso, mara nyingi si mizizi peke yake. Kuna wauzaji wanaoponda vidonge vya deksametazoni ao prednizoloni na kuvichanganya ndani. Hizo ni dawa za ukoo wa kortizoni. Mwaka 1948, kule Marekani, waganga walimpa kortizoni mama mmoja aliyelemazwa na ugonjwa wa viungo, na kwa siku chache akatembea. Dunia ilishangaa. Kisha waganga waliona upande wa pili: sukari ya damu inapanda, mifupa inapoteza nguvu, tumbo linaweza kupata vidonda, na askari wa mwili wanaolinda juu ya vijidudu wanalala.

Hapo ndipo hatari yetu sisi watu wa migodi. Vumbi la mawe yenye silika likikaa katika mapafu linafungulia kifua kikuu mlango. Ukiongeza kortizoni, umemfukuza pia mlinzi.

Jambo lingine, nalo ni la haraka: ukiwa umekunywa unga wa namna hiyo wiki nyingi, usiuache ghafula. Mwili una tezi zinazotengeneza kortizoni yake yenyewe, nazo zimezoea kukaa bure. Ukikata mara moja, unaweza kuanguka, kutapika, hata kufa. Kuja kwanza, munganga atakupunguzia polepole.

Na chale? Wembe uliopita katika ngozi ya jirani unaweza kuleta hepatiti B, Sida, na ukiwa mchafu, tetanosi. Pembe ya kuvuta damu ni vilevile. Sindano ya mtaani nayo, ikichomwa mahali pabaya pa tako, inaweza kuumiza mshipa mkubwa wa neva na kuacha mguu unaoburuta.

Sisemi dawa zote za wazee ni bure. Kitambaa cha maji ya moto juu ya kiuno kilichochoka, mafuta na mkono mwepesi, hayo hata mimi ninayafanya nyumbani kwangu. Kolikisini, dawa ya gute (ule ugonjwa unaowasha kidole kikubwa cha mguu usiku, hasa kwa wapenda bia na nyama), inatoka katika mmea. Lakini kipimo chake cha kuponya kiko karibu sana na kipimo cha kuua. Katika karatasi ya sokoni, nani amepima?

Mama, angalia sana mtoto. Kiungo kimoja kikivimba, kikiwa cha moto, na mtoto ana homa, hakataki kuguswa: usikande, usichanje, usingoje kesho. Vijidudu ndani ya kiungo vinaweza kukiharibu kwa siku chache. Kama maumivu yanahama, leo goti, kesho kifundo, na majuma machache nyuma koo lilikuwa linauma, mlete pia, sababu ugonjwa huo unaweza kugusa moyo. Na mtoto anayelia mifupa mara kwa mara, macho yakiwa manjano, apimwe damu: anaweza kuwa na ugonjwa wa SS. Huyo usimpige lavema ya majani. Inamkausha maji, na kukauka kunaamsha maumivu.

Ukija, leta ile karatasi ya unga na vidonge vyote vinavyobaki nyumbani, hata vile unavyoona haya kuvionyesha. Hatutakugombeza, wala hatutauliza jina la muuzaji. Tunataka tu kujua ulichomeza, kiasi gani, na tangu siku gani.