Makala za Utafiti: Mlango ni wa Taasisi

Neno "fanya juu" kila mkulima wa vilima vya Machakos analijua. Unachimba mtaro kukingama mteremko, udongo unautupa upande wa juu, na baada ya misimu kadhaa shamba linakuwa kama ngazi. Neno hilo limeingia katika majarida ya wataalamu wa ng'ambo vivyo hivyo, kwa Kiswahili chetu. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu kizima kuhusu iliyokuwa Wilaya ya Machakos, wakihesabu pamoja na Makueni. Walionyesha kwamba watu waliongezeka kutoka 240,000 hivi mwaka 1932 hadi 1,400,000 hivi mwaka 1989, na bado mmomonyoko wa udongo ukapungua. Watafiti wengine wakabishana nao, na mabishano hayo yamo katika majarida.

Sasa kiongozi wa kikundi akitaka kuyasoma, anafungua intaneti, anaona muhtasari, halafu anaambiwa alipe. Mara nyingi ni dola 30 au zaidi kwa makala moja tu. Hiyo si ni pesa ya mbegu? Mashamba ni yetu na waliohojiwa ni wazazi wetu, lakini kusoma ni kwa bei. Sisi hatuoni kama hiyo ni haki. Hata hivyo tujifunze mlango huo unafunguliwa namna gani.

Wachapishaji huuza hasa kwa taasisi. Taasisi hulipa ada ya mwaka na kutia sahihi mkataba unaosema ni nani anaruhusiwa kusoma. Kisha huwapelekea wachapishaji namba ambazo mtandao wake unaonekana nazo kwenye intaneti. Mtu akisoma kutoka ndani ya mtandao huo, anapita bila kuulizwa lolote. Ndiyo maana mwanafunzi akiwa maktaba anasoma vizuri, akirudi nyumbani Kangundo anakuta pamefungwa. Dawa yake ni maktaba kuweka kompyuta ya katikati: mwanafunzi anajitambulisha kwake kwa jina na neno la siri, nayo inamchukulia makala. Na jambo moja ambalo wengi hawalijui: kampuni ya intaneti ikibadilisha zile namba, wote wanafungiwa nje, na watu wanadhani ada imekwisha. Ombeni namba isiyobadilika.

Kuhusu gharama, maktaba za Kenya ziliungana mwaka 2003 katika KLISC, ili ziagize pamoja na kupunguziwa bei. Ni kama akina mama wanaonunua mahindi kwa gunia na kugawana.

Lakini chuo kidogo cha uuguzi au hospitali ya mashambani itafanyaje? Kuna mpango wa Research4Life. Ulianza na HINARI ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2002, ikafuatwa na AGORA ya kilimo mwaka 2003, na baadaye mazingira, teknolojia na sheria. Vyuo, hospitali, ofisi za serikali na mashirika ya humu nchini yasiyo ya serikali yanaweza kuomba. Mtu binafsi hapana. Nchi zimegawanywa: kuna zinazosoma bure na kuna zinazolipa ada ndogo, na orodha hubadilika, kwa hiyo ulizeni kabla ya kupanga bajeti.

Fomu inataka jina la mkuu wa taasisi na la anayesimamia maktaba. Hapa tunasisitiza: msiandike jina la mtu wa kujitolea ambaye baada ya miezi sita ataondoka na neno la siri kichwani. Wekeni mfanyakazi wa kudumu, na msaidizi wake. Tumeona ofisi ambapo neno la siri limebandikwa ukutani, kila mgeni anapiga picha na simu. Hiyo mnaita ukarimu, lakini mkataba unakataza. Mchapishaji akiona makala mamia kwa mamia zinachukuliwa kwa jina moja, anaweza kufunga taasisi nzima. Na atakayeumia ni muuguzi wa zamu ya usiku anayetafuta jinsi ya kumtibu mtoto aliye mbele yake.

Je, vikundi vyetu vya wakulima? Mikataba mingi ya maktaba huruhusu msomaji mgeni aingie na kusoma kwenye kompyuta za humo humo, bila kupewa neno la siri. Chuo Kikuu cha Machakos kiko mjini, na watafiti wa kilimo wako Katumani. Nendeni na barua ya utambulisho, muulize swali hilo hilo: je, mkataba wenu unaruhusu mgeni?

Na kabla ya kulipa hata senti, tafuteni kwanza kama makala hiyo imewekwa bure mahali pengine. Waandishi wengi huruhusiwa kuweka nakala yao katika hazina ya chuo chao. Ikikosekana, mwandikieni mwandishi mwenyewe, anwani yake huwa chini ya kichwa cha makala. Tajeni kichwa, jarida na mwaka, na mseme kwamba mnalima Mua au Iveti. Mara nyingi mwandishi hutuma kwa furaha. Makala ikifika, mtu mmoja aisome kwanza, kisha aieleze kikundi kwa Kikamba, kipande kwa kipande.