Motokaa Iliyoishiwa na Pumzi

Injini ya motokaa huishi kwa vitu vitatu: petroli, hewa na cheche ya moto. Tena yahitaji njia ya kutolea moshi. Kimoja kikipungua, nguvu nazo hupungua. Lakini upungufu huo hauonekani kila wakati, na hiyo ndiyo hatari yake.

Mtu wa Tingi aendaye Dar es Salaam kununua motokaa iliyokwisha kutumika huijaribu katika njia za mjini, penye mwendo wa polepole. Injini yanguruma vizuri, naye hutoa fedha zake. Akiisha kuvuka Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003 juu ya mto Rufiji, hukanyaga mafuta ili alipite lori. Ndipo motokaa hushtukashtuka na kukosa nguvu, na huku gari jingine laja mbele yake. Kasoro hii yaweza kuua watu.

Kwa nini haikuonekana mjini? Na tupige hesabu. Katika injini ya mapigo manne, kila silinda huwaka mara moja katika mizunguko miwili. Injini ikizunguka mara 800 kwa dakika, silinda huwaka mara 400. Ikizunguka mara 4,000, huwaka mara 2,000, yaani zaidi ya mara 33 kwa sekunde. Kisima chenye maji machache humtosha mtekaji mmoja, wala hakiwatoshi watekaji kumi waliokuja pamoja.

Basi fundi mwenye busara hufuata utaratibu huu.

Kwanza, huuliza: Ni injini isiyozunguka, au ni motokaa isiyokwenda? Injini ikivuma sana na mwendo usiongezeke, huenda klachi yateleza.

Pili, hutazama chujio la hewa. Likijaa vumbi, injini hukosa pumzi.

Tatu, hufungua plagi, injini ikiisha kupoa. Plagi iliyolika huwa na nafasi pana mno, na cheche hukatika wakati wa kazi kubwa.

Nne, huangalia chujio la petroli na kupima msukumo wa pampu kwa geji. Dalili yake ni hii: motokaa huanza kupanda kilima vema, kisha hulegea, dereva akiinua mguu kidogo, nguvu hurudi. Kazi hii isifanywe karibu na moto wo wote.

Tano, huchunguza bomba la moshi. Ndani yake mna kifaa chenye matundu kama sega la nyuki, ndiyo sababu mafundi hukiita masega. Kikiziba, moshi hauna pa kutokea, na hewa mpya haina nafasi ya kuingia.

Fundi hubadili kitu kimoja, kisha hujaribu. Akibadili vitatu kwa mara moja, hata motokaa ikipona hatajua dawa ilikuwa ipi, na mwenyewe atakuwa amelipia vyote. Wako wasemao upesi, "Injini imekufa," kumbe ugonjwa ni chujio tu. Naye mnunuzi aijaribu motokaa katika njia ndefu yenye kilima kabla hajalipa.

MASWALI
1. Kwa nini kasoro hii haikuonekana mjini?
2. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, silinda moja huwaka mara ngapi kwa sekunde?
3. Fundi atajuaje kwamba klachi ndiyo yenye kosa?