Kutu Ndani ya Chasisi: Usizibe Matundu ya Maji

Kijitabu kwa wamiliki, madereva na mafundi wa pikapu na malori madogo

Kwa nini tunakuandikia

Malalamiko kutoka mwambao, Tanga hadi Mtwara, yanafanana: gari limepakwa rangi nyeusi chini, linang'aa, kisha chasisi inakatika njiani na mzigo ukiwa juu. Wengine husema wakaguzi wetu wanapogonga chuma kwa nyundo wanatafuta kisa. Sivyo. Wanagonga kwa sababu jicho halifiki ndani. Kikulacho ki nguoni mwako.

Kutu inaanzia wapi

Chasisi ya pikapu nyingi ni boksi la chuma lenye uwazi. Kiwandani huachiwa matundu ili maji yatoke. Tope, mchanga na magamba ya kutu yakiyaziba, maji hulala humo. Nayo chumvi inayoingia humo hufyonza unyevu wa hewa ukizidi takriban asilimia 75, jambo la kawaida mwambaoni, hasa usiku. Ndiyo maana chasisi huoza hata kiangazi.

Hatari ni kubwa kwa wanaobeba samaki wa barafu, chumvi au mbolea. Chunguza pia gari lililotumika kaskazini mwa Japani, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji.

Usijidanganye kwa jina la gari. Mwaka 2016, nchini Marekani, Toyota ilikubali kumaliza kesi ya kutu ya chasisi za Tacoma, Tundra na Sequoia, kwa makubaliano yaliyokadiriwa kufikia dola bilioni 3.4.

Fanya hivi kila mwaka, kabla ya masika

1. Zibua matundu yote kwa waya.
2. Penyeza mpira wa maji ndani. Osha kwa maji yasiyo na chumvi mpaka yanayotoka yawe safi.
3. Kausha kwa upepo wa kompresa, kisha liache gari juani. Usipulizie dawa juu ya unyevu.
4. Pulizia nta ya kuzuia kutu kwa mpira mwembamba wenye nozeli inayotawanya pande zote, mpaka nta idondoke matunduni.
5. Ikishakauka, pitisha waya tena. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi.

Maonyo

USIZIBE MATUNDU kwa rangi, lami wala kiraka. Rangi ya nje haikingi ndani. Ikiziba matundu, inafungia maji humo.

Usipulizie oili chafu. Huharibu mipira, huchafua udongo na ikifika kwenye breki huleta ajali.

Usichomelee chasisi yenye nta, inashika moto. Kama kuna kazi ya kuchomelea, itangulie.

Usikubali kiraka juu ya chuma kilichooza. Fundi akate mpaka afike kwenye chuma kizima.

Tunarudia: USIZIBE MATUNDU.

Gari gani linakaguliwa

Gari lolote la mizigo lenye kadi na bima hai. Masharti mengine utaelezwa kwenye kaunta yetu ya ukaguzi.

Msimamo wetu

Tunajivunia wakaguzi wetu: wanaingia uvunguni, hawakagui kwa kutazama rangi. Nyundo ikitoboa chasisi, gari hilo halitabeba mzigo mpaka litengenezwe na kukaguliwa upya. Hatutabembelezwa katika hili, kwa kuwa chasisi ikikatika barabarani, anayeumia mara nyingi si mwenye gari bali dereva, utingo na mpita njia.